Mfuko wa Nyuma ya Mlango

Jumamosi, 4 Machi

Shajara hii nimepewa bure kazini na watu wanaotuuzia vifaa vya meno. Kila ukurasa una jino dogo pembeni, linacheka. Nimekaa mapokezi kwa daktari wa meno mpaka nimeota mvi na sijawahi kuliona jino linalocheka, lakini kitabu cha bure sikikatai. Mume wangu anasema nikimwaga hasira zangu humu, yeye atapata kupumua. Basi na apumue.

Mvua imeanza leo. Yeye alikuwa ametangaza jua. Tangu astaafu ana meza nzima ya redio mbovu anazozichokonoa, na ile moja inayosema humpa utabiri wa hali ya hewa kila asubuhi, naye anatutangazia mimi na paka kama vile hiyo hewa kaipanga mwenyewe. Paka wetu anaitwa Meneja, kwa sababu hafanyi kazi yoyote na anakagua ya wote.

Lakini leo ni Jumamosi, siku yangu. Jumamosi mchana sebule si ya mume wala ya Meneja, ni yetu sisi watatu: mimi, Komando na Mwalimu. Tunafuma. Tumeshafuma vitambaa vya makochi, vya meza, vya redio (mume wangu alivikataa), mashali, soksi, na mara moja koti la Meneja, alilolivaa mpaka mlangoni akalivua kwa meno. Mwalimu alifundisha hesabu maisha yake yote, kwa hiyo hafumi hasa, anahesabu huku mikono ikimfuata. Komando alikuwa mkuu wa wauguzi kwenye wodi ya wazazi. Nusu ya vijana wa mtaa huu walipokelewa na mikono yake, na hilo jina alipewa na akina baba waliokuwa wakisubiri nje, wakifukuzwa kila walipothubutu kuchungulia.

Sheria za Jumamosi ni zake pia. Kubwa kuliko zote: kazi ya Jumamosi haiendi nyumbani. Aliitunga mwaka ule Mwalimu alipojifungia wiki nzima akarudi na shali limekwisha, sisi tukiwa bado tunatafuta kona. Tangu siku hiyo mifuko yetu inaning'inia kwenye misumari nyuma ya mlango wangu wa sebule, na hakuna anayegusa mfuko wa mwenzake.

Leo Komando ameanza kazi mpya, blanketi la mtoto, uzi wa rangi ya maziwa. Binti yake wa pekee anatarajia mwishoni mwa Mei, na kwao kuna jambo moja lisilojadiliwa: mtoto akizaliwa, cha kwanza kumfunika ni blanketi alilofumiwa na bibi yake, kwa mkono wake. Komando mwenyewe alifunikwa hivyo, binti yake vilevile. Alivyokuwa anatuambia, uso wake ulikuwa wa msichana. Alikaa mwisho wa kochi kama kawaida, kwa sababu yeye ni wa mkono wa kushoto na kiwiko chake kimewahi kunitoa machozi. Shuleni walikuwa wanamfunga mkono huo nyuma kwa kamba ili aandike kwa wa kulia. Kila siku aliifungua. Mwishowe mwalimu wake ndiye aliyechoka.

"Vita yangu ya kwanza," husema, "na sijashindwa nyingine."

Tumecheka leo mpaka Meneja akahama chumba.

Jumatatu, 6 Machi

Mvua. Mgonjwa mmoja kamng'ata daktari kidole.

Jumamosi, 11 Machi

Chai ya Komando imemwagika kwenye sahani. "Kikombe chako kimejaa mno," akaniambia. Kilikuwa nusu.

Mwalimu alinitazama, mimi nikautazama uzi. Kumbe Komando ametuona. Akaweka sindano yake ya kroshia chini, akanyoosha mkono wa kushoto mbele yetu, na tukauona ukitetemeka wenyewe, taratibu, kama kifuniko cha sufuria maji yakianza kuchemka.

"Nimekwenda hospitali," akasema. "Ni mishipa ya fahamu. Daktari ameupa ugonjwa jina refu la Kizungu, nikamwambia abaki nalo. Kuna vidonge. Haurudi nyuma huu, unakwenda mbele tu, ila unaweza kwenda polepole. Haya, maswali?"

Hatukuwa na maswali. Mimi nilikuwa nayo kama mia, nikachukua kitambaa nikafuta chai ya kwenye sahani.

"Vizuri. Blanketi litakwisha kabla mkono haujakwisha. Mwalimu, funga mdomo, nzi ataingia."

Akafuma safu zake. Hazikunyooka kama za zamani lakini zilikuwa nzuri tu. Nimejiambia ni nzuri tu.

Jumanne, 14 Machi

Mume wangu alitangaza mawingu mepesi. Kibaraza kimefurika, tumechota maji kwa ndoo.

Jumamosi, 18 Machi

Leo nimefanya jambo, na bado sijui nilipende au nilichukie.

Komando alifuma mchana kutwa bila kupiga soga, ulimi nje kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Alipoondoka, akautundika mfuko wake na kutupungia, nikamsindikiza mpaka getini na mwavuli. Niliporudi, Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya mlango na mfuko wa Komando mkononi.

"Unafanya nini?"

"Nimeona vibaya au?" akaniuliza, akalifungua blanketi mezani.

Hakuwa ameona vibaya. Safu za wiki mbili za kwanza zilikaa sawa. Za leo zilikuwa na matundu ya kupitisha kidole, vitanzi vimerukwa, pembeni pameanza kuingia ndani. Kwa mwendo huo, blanketi lingeishia kuwa tai.

Mimi ni mtu wa kurekebisha. Kazini nanyoosha foleni, nanyoosha picha ukutani, kola za wagonjwa ambao hata siwajui. Nilivuta uzi kabla sijafikiri. Vitanzi vya Komando vikafumuka kimoja kimoja, kazi ya mchana mzima, kufumba na kufumbua haipo. Kisha nikaketi nikaanza kuzifuma upya safu zilezile, na Mwalimu akinihesabia kwa sauti ya chini kama tuko kwenye wizi. Kwa kweli tulikuwa kwenye wizi.

"Leo tu," nikasema.

"Leo tu," akasema Mwalimu.

Jumamosi, 25 Machi

Komando alilitoa blanketi kwenye mfuko, akalitandaza magotini, akalitazama kwa muda mrefu.

"Mkono wa Jumamosi iliyopita ulikuwa umetulia," akasema.

"Sana," akadakia Mwalimu, haraka mno.

Nikamimina chai nusu kikombe, na furaha iliyonijaa ilikuwa ya kweli, siwezi kuikana. Alifuma leo akiimba. Zile safu zake ni mbaya kuliko za wiki iliyopita. Nitazifumua kesho.

Jumapili, 26 Machi

Nimezifumua.

Jumamosi, 1 Aprili

Kuna tatizo ambalo sikulifikiria. Uzi uliokwisha fumwa ukifumuliwa unabaki na mawimbi, kila mtu anayefuma anaujua kwa kuugusa. Kwa hiyo nauzungusha kwenye mgongo wa kiti, naulowesha, nausubiri ukauke unyooke, ndipo nafuma. Sasa ukauke wapi na mvua hii? Taulo zetu zinanuka, viatu vimeota ukungu. Nimeuweka uzi jikoni karibu na jiko, Meneja akauona akadhani umewekwa kwa ajili yake. Mume wangu amenikuta nikimvua paka uzi miguuni.

"Si kazi ya Jumamosi hiyo?" akauliza. "Leo Jumatano."

Nilikuwa nimekosea tarehe juu ya ukurasa huu. Ni Jumatano kweli, tarehe 5. Nimechoka mpaka siku zinanichanganya.

Nikamweleza yote. Akasikiliza huku ameshika bisibisi, kisha akasema, "Mimi redio ya mtu siigusi mpaka ailete mwenyewe."

Nikamwambia akae na redio zake.

Jumamosi, 8 Aprili

Blanketi limefika kwenye magoti na kupita. Ni zuri, jamani. Mwalimu amenifundisha kulegeza mkono kidogo ili vitanzi vilingane na vya Komando kwa ukubwa. Tumepima kwa rula. Huwezi kuona pale safu zake zinapoishia na zetu zinapoanzia.

Komando katangaza leo kwamba ataongeza na kofia.

"Kwa mkono huu unavyokwenda," akasema, "kwa nini nisiongeze kofia? Nyie mnaonaje? Semeni ukweli."

"Ongeza," nikasema.

"Mwalimu?"

Mwalimu alikuwa anahesabu vitanzi vyake, au alijifanya. "Kofia si kubwa," akasema bila kuinua kichwa.

"Haya," akasema Komando. Akatutazama mmoja mmoja, kama anayesubiri kitu kingine, kisha akaomba sukari.

Jumanne, 11 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Nimemkemea mgonjwa aliyekuwa analia. Daktari ameniambia niende nikanywe maji.

Jumamosi, 15 Aprili

Kroshia imemponyoka Komando mara nyingi leo. Mara ya kwanza tuliinama sote tukagongana vichwa, tukacheka. Baadaye hatukucheka. Alipoinyanyua mara ya mwisho, aliishika kwa mkono wa kulia kuusaidia wa kushoto, na wa kulia nao ulikuwa umeanza.

Alifuma nusu safu tu mchana mzima. Nusu safu.

Alipoondoka, Mwalimu hakuvua miwani yake wala hakusogea kwenye mlango.

"Mimi sihesabu tena," akasema.

"Umechoka au?"

"Nimefundisha miaka mingi. Nilikuwa nikimkuta mzazi amemfanyia mwanawe kazi ya nyumbani, nilikuwa nampa sifuri mtoto. Sasa najiuliza nani wa kupewa sifuri hapa."

"Kwa hiyo tumwache? Mtoto azaliwe Mei, afunikwe na nusu safu?"

"Sijui."

"Mwalimu wa hesabu hajui!"

Nilimkosea. Amechukua mwavuli wake akaondoka bila kunywa chai ya pili, na Mwalimu hajawahi kuiacha chai ya pili hata siku ya msiba wa kaka yake. Nimefuma peke yangu mpaka kidole kikaota malengelenge. Nilimaliza nusu safu ile, nikaongeza nyingine kadhaa, maana niliona aibu ya blanketi kusimama palepale. Sasa si kurekebisha tena. Sasa ni mimi tu ninayefuma.

Jumamosi, 22 Aprili

Yametoka.

Walikuja wote wawili wamelowa. Mwalimu alinisalimu vizuri, akanifinya bega, yakaisha. Nikapiga picha ya blanketi kwa simu kama Komando alivyokuwa ameniomba wiki iliyopita, nikaituma kwa binti yake. Hata chai haijachujwa, simu ikaita. Komando akaniambia nimweke kwa sauti ya juu.

"Mama!" Binti alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Mama, nimelionyesha jengo zima! Na wewe uliniambia mkono unakusumbua! Mikono yako haijabadilika hata kidogo. Mama mdogo, hajambo kweli? Ananiambia ukweli?"

Mama mdogo ni mimi. Nikasema, "Hajambo, mwanangu, unaliona blanketi si?"

"Naliona! Basi nalala na amani leo."

Akakata. Komando alikuwa anaitazama simu. Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani kiasi kwamba tulilazimika kusogea ili kusikilizana, naye alisema kwa sauti ya chini kuliko zote nilizowahi kumsikia.

"Shikeni huku na huku."

Tukalishika blanketi, mimi kona moja, Mwalimu kona nyingine, tukalinyanyua kwenye dirisha, mwanga ukapita.

"Haya tazameni. Chini hapa, wiki mbili za kwanza. Vitanzi vinalalia wapi?"

Nilitazama. Sikuelewa. Halafu nikaelewa.

Vitanzi vya chini vilikuwa vimelalia upande mmoja, vyote, kama nyasi upepo ukipita. Vya juu, kuanzia pale nilipoanza mimi, vilikuwa vimelalia upande wa pili. Tulipima ukubwa. Tulihesabu. Tulinyoosha uzi kwa maji. Na miaka yote hii tumekaa kochi moja na kiwiko chake, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba mtu wa kushoto hufuma kwa kushoto.

"Umejua lini?" Mwalimu akauliza.

"Nilipolitoa tu mfukoni. Wiki ile ile ya kwanza."

"Na hukusema!"

"Sikusema. Nilikaa hapa nikaimba, si mlinisikia? Nilisema moyoni, acha, acha niwe na mikono hii kidogo. Nikirudi nyumbani namwambia mwanangu naendelea vizuri, na huku kikombe nakishika kwa mikono miwili." Akanigeukia. "Halafu nikasubiri mniambie. Nikawaletea mpaka kofia. Nikasema, kwa kofia watasema."

Nilianza kulia. Nikamwambia tulitaka kumsaidia, kwamba hatukuvumilia kuona, kwamba mtoto anakuja. Maneno yote yale ambayo mtu husema.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sijawatukana. Lakini walimu wangu walinifunga mkono huu kwa kamba, mwaka mzima, na hawakuweza kunitoa kwenye mkono wangu. Nyie mmeweza kwa Jumamosi chache. Na chai mmenipa."

Akalichukua blanketi. Akatafuta ncha ya uzi pale juu, ikamponyoka, akaitafuta tena. Nilinyoosha mkono kumsaidia, nikaurudisha. Akavuta.

Sijawahi kuona kitu kirefu kama kile. Safu baada ya safu, uzi ukishuka magotini, sakafuni, Meneja akaja akakaa mbali na kutazama bila kuugusa, hata yeye. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, kwa hiyo uzi ulikwama na akaukwamua, ukakwama tena. Wiki zetu zote zilishuka. Alipofika kwenye safu ambayo vitanzi vinalalia upande wake, akasimama. Kilichobaki mkononi kilikuwa cha ukubwa wa kitambaa cha sinia.

"Hiki changu," akasema.

Akakiweka kwenye mfuko pamoja na lile rundo la uzi, akautundika mwenyewe msumarini, akakosa, akakosa tena, ukakaa. Alikataa mwavuli wangu.

Jumatano, 26 Aprili

Sina la kuandika. Jino linacheka.

Jumamosi, 29 Aprili

Hakuja. Mwalimu alikuja, tukakaa. Hakuna aliyetoa kroshia. Mume wangu alitoka kwenye redio zake akatuletea chai yeye mwenyewe, na ilikuwa mbaya, na tuliimaliza.

Jumamosi, 6 Mei

Tulikuwa tumekaa vilevile mlango ukasukumwa.

"Nani kawaambia nimejiuzulu?" Komando, kalowa chapachapa. "Mwalimu, sogea, hapo pangu."

Akakaa mwisho wa kochi, akaagiza mfuko wake, nikampa, na akaanza. Lile rundo la uzi alikuwa hataki linyooshwe. Anafuma na mawimbi yake hivyo hivyo.

Nataka niandike jinsi ilivyo, kwa sababu nadhani sijawahi kufanya kazi ngumu kama hii ya kutazama tu. Kroshia inaingia kwenye kitanzi, au inakosa. Ikikosa anairudisha nyuma, anasubiri mkono utulie, hautulii, anaingiza tena. Anashika uzi, unatoka. Kitanzi kimoja kinachukua muda wa mtu kwenda dukani na kurudi. Unaona kabisa kwamba ameruka, kwamba pale patabaki tundu, na neno linakuja mpaka kwenye meno, na unalimeza. Mikono yangu nimeikalia. Kweli, nimeweka viganja chini ya mapaja. Mwalimu alikuwa akihesabu kimoyomoyo, naona midomo yake, na machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta.

"Pigeni soga basi," akasema Komando. "Hapa si msibani."

Kwa hiyo nikamsimulia mgonjwa aliyemng'ata daktari. Akacheka mpaka akaruka kitanzi kingine.

Jumanne, 9 Mei

Nilimwuliza daktari wetu wa meno kama anamfahamu daktari yeyote wa mishipa ya fahamu. Akaandika jina. Komando ameniambia jina hilo hilo ndilo linalomtibu. Vidonge hivyo hivyo. Hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Jumamosi, 13 Mei

Mtoto amezaliwa. Wiki mbili kabla ya wakati, msichana, mzima, mdogo kama mkate. Simu iliita tukiwa tumekaa. Komando aliyepokea watoto wa mtaa mzima alishindwa kuishika simu sikioni, nikamshikia.

"Amefunikwa na nini?" ndilo swali lake la kwanza.

"Taulo la hospitali, mama. Nikasema lako linakuja."

Nilikuwa nasikia pumzi zake kwenye kidole changu.

"Si lile la kwenye picha," akasema Komando. "Lile lilifumwa na mama zako wadogo. Langu ni dogo, na ni baya. Mkono wangu unaumwa, mwanangu, unaumwa sana, na nilikudanganya."

Sitaandika binti alisema nini. Ni yao. Mwishoni alisema atakuja kumchukua mama yake akikaa sawa, akakae naye. Komando, ambaye hajawahi kukubali hata kubebewa mkoba, alisema, "Haya."

Nilikwenda jikoni nikafungulia maji ili wasinisikie.

Jumamosi, 20 Mei

Mvua imepungua. Mume wangu alitangaza gharika.

Blanketi limebakiza safu moja ya ukingo ili lifungwe. Lina matundu, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, linamtosha mtoto mchanga kuanzia kifuani mpaka magotini, akikunja miguu. Komando alijaribu ile safu ya mwisho tangu alipofika. Kroshia haikukaa mkononi hata kwa kitanzi kimoja. Aliiokota, ikaanguka. Akaiokota. Mwalimu akainuka, akasimama dirishani na kutugeuzia mgongo.

Mwishowe Komando akanipa mimi.

"Malizia."

"Mimi? Komando, hapana. Tulishasema."

"Malizia. Kwa mkono wa kushoto."

Nilidhani ananitania. Hakuwa. Akanisogeza mpaka mwisho wa kochi, pale pake, akaniwekea kroshia kwenye mkono ambao mimi hutumia kushikia uzi tu na kupangusia pua. Na nikaanza. Jamani! Nimefuma tangu ujana na leo sikuweza kuingiza kroshia kwenye tundu la ukubwa wa jicho langu. Vidole havikunisikia. Niliviambia nendeni huku, vikaenda kule. Nilitoka jasho, nikauma ulimi, nikaruka kitanzi nikaona nimeruka, na sikuwa na namna ya kurudi.

"Polepole," akasema Komando. "Usubiri utulie."

"Hautulii!"

"Najua."

Alikuwa ananitazama usoni, si mkononi, na hakunicheka, yeye ambaye humcheka kila mtu. Hakuninyooshea mkono kunisaidia. Alikaa nami hivyo hivyo, mchana mzima, mpaka safu ikafika kona ya mwisho, nikakata uzi, nikaupitisha na kuukaza.

Mwalimu alivaa miwani, akalipeleka blanketi dirishani, akatafuta Komando alipoishia na mimi nilipoanzia. Alitafuta sana. Kisha akalikunja, akaliweka magotini kwa Komando.

"Sioni," akasema.

Jumatano, 24 Mei

Binti amekuja na mtoto kifuani na gari la kukodi. Blanketi alimfunika papo hapo getini, jua likiwaka. Likamfika magotini kama tulivyopima. Komando alimshika mtoto akiwa amekaa, mimi nimemzungushia mkono kwa nyuma, na mtoto akatetemeshwa na mkono wa bibi yake mpaka akasinzia. Mume wangu alimpa Komando redio, ile inayosema.

Waliondoka kabla ya mchana. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Nilisema, "Fika salama," kama mtu wa kituoni.

"Mfuko wangu usiuguse," akanijibu kupitia dirishani. "Nitarudi kumalizia."

Sisi sote pale getini tulijua.

Jumamosi, 27 Mei

Jua. Nyumba ina kimya, maana redio zilizobaki zote ni mbovu.

Mwalimu alikuja, tukafuma kidogo. Alipokwenda kutundika mfuko wake aliugonga wa Komando, ukaanguka, kilichomo kikatoka sakafuni. Donge la uzi wa rangi ya maziwa, kroshia yake, na kofia. Kumbe aliianza, sijui siku gani, ni mduara tu wa safu ya kwanza, mdogo kama kifuniko cha chupa. Vitanzi vinalalia upande wake. Viwili vimerukwa, nimeviona hata kabla sijainama, na Mwalimu ameviona.

Tumeurudisha kama ulivyokuwa, tumeutundika.